Kwako binamu uliyeikunja ile karatasi

Binamu, hongera ya umeneja. Naanza na hongera maana wote wawili tulilelewa hivyo, hongera kwanza lawama baadaye, na najua hii utaisoma kimya kimya kama unavyosoma meseji zangu.

Ila ile asubuhi ya printa imenikaa. Nimefuata ripoti yangu nakuta slipu yako ya mshahara juu yake, bado ya moto, sikutaka kuisoma, jicho tu likatua pale chini. Umenizidi robo nzima. Mimi miaka sita, wewe miezi minane, na mimi ndio nilipeleka sivii yako! Ukatokea na kikombe cha chai, ukaichukua, ukaikunja mara nne, ukasema "hizi mashine nazo." Basi, hakuna kingine.

Kukulipa vile sio kosa lako, makampuni makubwa ndio yalivyo, anayetoka nje analipwa bei ya soko ya leo, aliye ndani anaongezewa vijiasilimia juu ya mshahara alioingia nao, mwisho mgeni anampita mwenyeji. Lakini ungeniambia. Yule mama wa Marekani, Lilly Ledbetter, kafanya kazi Goodyear, kampuni ya matairi, miaka 19, kuja kujua wanaume wenzake wanamzidi ni kwa kikaratasi alichoachiwa na mtu ambaye hata jina hakuandika. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2007 akashindwa, eti kachelewa kulalamika (angejuaje?), mpaka sheria ikabadilishwa 2009. Yeye kaachiwa karatasi na mtu asiye na jina, mimi damu yangu inaikunja.

Sasa wewe ndio bosi, nakushauri, usimwambie mtu bajeti hakuna wakati tangazo la nafasi kama yake liko nje na dau nono, wala usimsifie mwaka mzima halafu kwenye tathmini umpe alama tatu kwa sababu nafasi za alama nne zimejaa, maana mimi nilifanyiwa hivyo nikanyamaza, na sio uoga kama ulivyowaambia nyumbani, nilikuwa na mkopo. Na nilipoenda kuomba nyongeza sikukutaja jina. Narudia, sikukutaja. Nilitaja namba tu. Sawa, namba ile ilikuwa ya mtu mmoja, lakini ningesema nini?

Shangazi anauliza kwa nini hatukai meza moja kwenye shughuli, namwambia uko bize.

Halafu nasikia siku hizi slipu hazichapishwi tena, zinakuja kwenye simu na nywila. Ni wewe uliyependekeza?