Msumeno wa betri ulioshindwa na boga

Columbus, Ohio
12 Novemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MSUMENO WENU WA BETRI WA KUCHONGEA MABOGA

Ndugu Meneja,

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu chenu cha maelekezo unasema mteja anaweza kuwaandikia kwa lugha yake, nanyi mtatafuta mkalimani. Barua pepe yangu ya kwanza niliandika kwa Kiingereza, mkanijibu kwamba boga langu lilikuwa gumu mno. Safari hii naandika kwa Kiswahili, lugha ambayo nikikasirika sitafuti maneno.

Kwanza mnijue. Nilijifunza useremala Keko, Dar es Salaam, ambako ukipita barabarani unakuta vitanda na makabati yamepangwa mpaka kwenye mtaro. Kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa kukata. Ilikuwa kunoa misumeno ya fundi kwa tupa, jino baada ya jino, miezi mingi kabla sijaruhusiwa kugusa mbao. Hapa Columbus nafunga jipsamu kwenye nyumba za watu. Nayasema haya kwa sababu aliyenijibu alinishauri nijizoeze kidogo kutumia misumeno.

Mambo ya kuchonga maboga kwa ajili ya Halloween nimeyakuta huku. Kwetu boga hupikwa kwa nazi na sukari, likibaki huliwa asubuhi na chai. Mwaka wetu wa kwanza nilipomwona jirani anatoboa macho kwenye boga zima kisha analiacha barazani lioze, nililionea huruma. Lakini watoto wamezaliwa hapa, na ukipenda boga penda na ua lake. Baadaye nikaja kujua kwamba desturi yenyewe ililetwa Marekani na wahamiaji wa Ayalandi na Uskoti, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, mzizi wa mviringo unaopikwa kama kiazi. Walipofika huku wakakuta boga, kubwa na jepesi kuchonga kuliko tanipu. Kumbe nayo ni kazi ya wageni. Tangu hapo sijalalamika tena, hadi nilipokutana na msumeno wenu.

Mwezi uliopita tulikwenda Circleville, kusini mwa hapa, kwenye maonyesho ya maboga yaliyoanza mwaka 1903. Watoto waliyatazama yale majitu yanayopimwa uzito kama ng'ombe, tukarudi nyumbani na mawili ya kawaida, moja la binti yangu wa miaka 10 na moja la mdogo wake wa miaka 8. Msumeno wenu niliununua kwa dola 17.99. Sikuuhitaji mimi. Niliununua kwa sababu boksi limeandikwa kuwa ni salama kwa mtoto wa miaka 8 na kuendelea, na juu yake kuna picha ya mtoto anacheka huku anakata jicho la boga kwa mkono mmoja, kama anayekata keki.

Jumanne ya tarehe 29 Oktoba, baada ya chakula cha jioni, tukatandika magazeti mezani. Betri nne za AA, mpya, za alkalini kama mlivyoagiza, maana kijitabu kinakataza zile za kuchaji. Kifuniko nilikikata mwenyewe kwa kisu, tukakomba nyuzi na mbegu, binti yangu akachora uso kwa kalamu, kisha nikampa msumeno. Nilisimama pembeni yake.

Sentimita mbili za kwanza zilikwenda. Kisha ukaanza kubanwa. Fundi yeyote atawaambia kwamba meno ya msumeno hayasimami kwenye mstari mmoja. Moja hulazwa kushoto kidogo, linalofuata kulia kidogo, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa lenyewe nalo lipite bila kushikwa. Meno ya msumeno wenu yamesimama yote wima kama askari wa gwaride. Halafu bapa linapanda na kushuka milimita 3 tu. Nimelipima kwa rula. Ukuta wa boga letu kwenye mashavu ulikuwa sentimita 3 na nusu, umejaa maji na nyuzi. Ukisukuma kitu cha namna hiyo kwa mwendo wa milimita 3, chenyewe kinatikisika pamoja na bapa. Mashine yenu ilikuwa inalitetemesha boga, hailikati. Mtoto naye, akiona haiendi, anafanya ambacho kila mtu angefanya: anakandamiza. Keko tuliambiwa siku ya kwanza kwamba msumeno butu ndio unaokata vidole, kwa sababu ndio unaoombwa kwa nguvu.

Alipofika kona ya jicho la kushoto, bapa likanasa kabisa. Mlio ukabadilika kutoka zile kelele za nzi ukawa mngurumo wa chini, na mpini ukaanza kupata moto. Binti yangu akauachia, kama nilivyomfundisha: ukibanwa, achia. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Drili yangu ya kazini, kidole kikitoka kwenye swichi, inasimama. Swichi yenu ni ya kusukuma mbele, kama ya tochi. Ukiiachia inabaki palepale ilipo. Msumeno ukabaki unaning'inia kwenye jicho la boga, unanguruma peke yake. Nikaushika niuvute. Ukachomoka ghafla, na kwa kuwa ulikuwa bado umewaka, ulipopata nafasi uliruka ukanipiga kwenye kiungo cha kidole gumba cha kushoto. Kidonda si kirefu, lakini kingo zake zilichanika kama karatasi, ndivyo meno butu yanavyofanya. Mkono wa binti yangu ulikuwa umeshikilia boga mahali hapohapo muda mfupi kabla. Nimeliwaza hilo kila siku nikibadilisha plasta.

Nilipojaribu kuuwasha tena, ulizunguka ndani bila bapa kusogea. Ndipo nikachukua bisibisi. Ndani kuna mota ndogo kama ya gari la kuchezea na gia ya plastiki nyeupe iliyopoteza meno mawili. Tundu linalotokea bapa halina hata kipande cha mpira cha kuziba, kwa hiyo maji ya boga yalikuwa yameshaingia pamoja na nyuzi, mpaka kwenye vyuma vya betri. Chombo kimetengenezwa kwa ajili ya boga, na kitu kimoja ambacho hakikuandaliwa kukutana nacho ni maji ya boga!

Mmeniambia kwamba kwa kulegeza skrubu nimefuta waranti. Maiti haiuawi kwa kupasuliwa, Ndugu Meneja. Mmeniambia pia nitafute boga laini zaidi. Huko ni kumuuzia mtu mwavuli, akilowa mnamwambia mvua ilizidi. Kama msumeno wenu unafaa kwa maboga yenye ukuta mwembamba tu, andikeni hivyo kwenye boksi, na mtaje unene wenyewe kwa sentimita.

Kazi niliimaliza kwa msumeno wangu wa mkono wa kukatia jipsamu. Niliuosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakata mimi, watoto wakawa wananielekeza. Maboga yote mawili yalikuwa tayari kabla hawajaenda kulala. Alhamisi, usiku wa Halloween ambao watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, Usiku wa Ombaomba kama wenyeji wa Columbus wanavyouita, tuliyawasha mlangoni. Moja lina jicho la kushoto kubwa kama sahani, pale bapa lenu lilipochana, na watoto wa majirani walilisifu kuliko jingine. Sijawaambia sababu.

Ninachodai ni dola zangu 17.99, na bei ya zile betri nne ambazo zilitoka zimeloa. Pesa hizo ni ndogo na sikesheshwi nazo. Kubwa ni ile swichi. Wekeni ya kubonyeza, inayozima kidole kinapotoka, kwa sababu hata mtoto mwenye adabu ya karakana hawezi kujiokoa kwa kuachia kitu ambacho hakizimiki. Na mpaka mtakapoibadilisha, futeni hiyo miaka 8 kwenye boksi pamoja na ile picha ya mtoto anayekata kwa mkono mmoja.

Nitasubiri jibu mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikiwa sijalipata, nitapeleka taarifa kwenye tume ya serikali kuu inayosimamia usalama wa bidhaa, kupitia tovuti yake ya SaferProducts.gov. Mnajua utaratibu wake: mtengenezaji hupelekewa taarifa na kupewa nafasi ya kutoa maoni yake. Huko mtaweza kueleza habari za boga gumu.

Msumeno ninao, nimeuhifadhi kwenye mfuko pamoja na bapa lake, sijaufuta wala kuusafisha. Mkiutaka kwa uchunguzi, nitumieni boksi lililolipiwa posta. Meno mawili ya gia nimeyabandika kwa selotepu nyuma ya risiti, na picha za pande zote mbili nimeziambatisha hapa.

Mteja wenu,
Fundi seremala, baba wa watoto wawili