Mdogo wangu, usimfundishe mtoto cha kusema mbele ya hakimu

Mdogo wangu,

Tangu Jumamosi nakupigia simu hupokei, na ujumbe niliokutumia umeusoma bila kunijibu. Ninaandika hadharani, pasipo kutaja jina lako wala la wifi yangu, kwa sababu jambo nililonalo, yaani wewe na mke wako kugombania mahakamani nani akae na watoto, linazikuta familia nyingi za huku Moshi na huko Arusha mnakoishi, na kwa sababu sehemu yake moja nimeinyamazia tangu utoto wetu.

Jumamosi hiyo nilipanda Kibosho, kwenye nyumba aliyoiacha baba, kuwaona watoto wako uliowachukua kwa mama yao na hujawarudisha. Binti alikuwa amelala. Kaka yake alinipokea uani, akaniamkia vizuri, tukakaa kwenye benchi lililo nje ya jiko, nami nikamuuliza kama ameikumbuka shule. Hakujibu swali langu. Alinyoosha mgongo, akautazama ukuta, akasema kwa pumzi moja: "Ninapenda kukaa na baba kwa sababu mama hatutimizii mahitaji yetu." Mtoto wa miaka 9 huwa hasemi "mahitaji", husema hana viatu, au jana alilala na njaa. Neno hilo limetoka kwenye karatasi za mahakamani, na aliyelitia kinywani mwake ni mtu mzima. Nilipomuuliza ni mahitaji gani, alianza kukwangua rangi ya benchi kwa ukucha, kisha akaniambia kwamba daftari lake la hisabati limebaki kwenye gari lako.

Nilimwelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote angemwelewa, kwa kuwa sentensi ya namna hiyo niliwahi kuifundishwa katika nyumba hiyo hiyo.

Mwaka 1986, baba na mama walipofikishana mahakamani, wewe ulikuwa na miaka 3 na mimi nilikuwa na miaka 10. Shangazi yetu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, nami nimekaa miguuni pake, akinirudisha mwanzo kila nilipokosea: "Nataka kukaa kwa baba kwa sababu mama hatupikii." Asubuhi ya shauri mama alikuwa ametupikia mtori, na mimi niliula, kisha nikaenda kusimama mbele ya hakimu na wazee wawili wa baraza nikaisema sentensi yangu yote bila kukosea. Hakimu akaniuliza kwa upole, "Kabisa hapiki?" Nikanyamaza. Mama hakusema neno. Alifungua fundo la khanga kiunoni, akalifunga tena, akaendelea kuitazama sakafu.

Mimi nikabaki kihambani kwa baba, kwenye shamba la migomba la ukoo, wewe ukaenda na mama Unga Limited, mtaa wa Arusha, na kwa miaka 6 iliyofuata tulionana wakati wa Krismasi tu. Hukuwahi kujua kwa nini dada yako hakuwa akikaa nanyi. Ulidhani baba alinikatalia, na mimi nilikuacha udhani hivyo. Ukweli ni kwamba niliulizwa, na nikajibu maneno ya mtu mwingine. Nilimwomba mama msamaha nikiwa mtu mzima, naye aliniambia kwamba siku ile hakunikasirikia hata kidogo. Aliponiambia hivyo ndipo niliposhindwa kujizuia kulia.

Ninajua wakili wako amekueleza kwamba mahakama humsikiliza mtoto. Ni kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inalitanguliza jambo moja mbele ya yote, yaani ustawi wa mtoto, na baada ya hapo ndipo inapoiambia mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka maoni ya mtoto yazingatiwe, lakini kwa sharti kwamba ameyatoa kwa uhuru. Sharti hilo ndilo unalolivunja kila jioni unapompigia simu mwanao na kumrudisha mwanzo. Na usidhani wazoefu wa mashauri haya hawatambui. Mahakama inaweza kupata ushauri wa afisa ustawi wa jamii, na afisa huyo anaweza kufika nyumbani na kukaa na mtoto peke yake. Swali moja tu, "mahitaji gani?", litatosha, na mwanao atalazimika ama kumsingizia mama yake au kukuumbua wewe. Hakuna mtoto anayestahili kupewa chaguo hilo.

Kuhusu binti, Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama hutazama pia madhara ya kumhamishahamisha mtoto, na ninaogopa kwamba hilo la pili ndilo lililokufanya uwachukue Ijumaa ile na usiwarudishe, ili siku ya shauri useme wameshazoea Kibosho. Wiki tatu hizi hawajazoea. Huyu wa miaka 4 bado anauliza kila jioni kama kesho ni siku ya kurudi. Mahakama pia haifungwi kuwapa watoto wote kwa mzazi mmoja; humtazama kila mmoja peke yake, ingawa Sheria ya Mtoto inahimiza ndugu wasitenganishwe. Unaweza kabisa kuondoka pale na kijana, mama yake akaondoka na binti. Wewe na mimi tunajua inavyokuwa ndugu wanapofahamiana upya kila Desemba, mmoja akiwa amerefuka na mwingine amebadilika sauti.

Umeniambia kwamba watoto ni wa ukoo. Hapo ninakusihi ukumbuke maisha yako mwenyewe. Ulilelewa na mama kwenye chumba cha kupanga Unga Limited, mbali na migomba na makaburi ya babu zetu, na baba alipofariki wazee wa ukoo hawakuuliza ulikulia wapi wala nani alikulipia ada. Walikukabidhi nyumba na kihamba kama kitinda mimba wa kiume, kwa desturi yetu. Kukaa na mama hakukukutoa kwenye ukoo, na mwanao hakutamtoa. Mila ina nafasi yake mahakamani, lakini iko chini ya ustawi wa mtoto, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake panapofaa.

Wifi yangu naye amekosea, na nimemwambia hivyo ana kwa ana. Kubadilisha namba ya simu na kukunyima watoto kwa miezi miwili ilikuwa dhuluma kwako na kwao, kwa kuwa ni haki ya watoto kumtembelea mzazi wasiyekaa naye na kukaa kwake wakati wa likizo, maadamu masomo hayavurugiki. Hilo liombe mahakamani, waziwazi, liandikwe kwenye amri: mwisho wa wiki zipi, likizo zipi, nani anawachukua na wapi. Omba pia wakati shauri linaendelea, usisubiri hukumu. Na utoe matunzo, kwa sababu wajibu wa baba kuwatunza watoto hauondoki hata wakikaa kwa mama. Amri ya malezi haifanani na hukumu ya shamba. Hali ikibadilika, au ikionekana ilitolewa kwa maelezo ya uongo, mahakama inaweza kuibadilisha. Mwenye maneno ya kweli huweza kurudi mahakamani. Mwenye mtoto aliyekaririshwa ana sababu ya kuogopa siku mtoto huyo atakapokua.

Wazee wanaokwambia ukaze uzi hawatakuwepo mwanao atakapokuwa na miaka 20 na kukuuliza ulichomfanyia. Mimi nilimuuliza baba. Hakuwa na jibu, na miaka iliyobaki hatukuwahi kuzungumza vizuri tena.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi nitakuwa Kibosho. Nimeshazungumza na wifi, na amekubali tukutane wote kwangu kabla sijawapeleka Arusha, ili Jumatatu wawe darasani. Amekubali pia wewe uwachukue Ijumaa inayofuata, na namba yake mpya nitakupa mkononi. Usimwambie kijana chochote cha kusema. Mwambie tu kwamba akiulizwa, aseme anachokiona yeye, nawe hutamkasirikia kwa neno lolote. Na uje na lile daftari la hisabati.

Ni mimi dada yako,
Moshi