Barua kwa mwanangu: hiyo ndege usiirushe kabla sijafika

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata pamoja na zile picha sita za hiyo ndege ya rimoti unayotaka kununua. Niliziangalia kazini wakati wa breki, nikaziangalia tena nilipofika nyumbani, mama yako akaniuliza unacheka nini na simu alfajiri yote hii, nikamwonyesha, akasema huyu mtoto kakurithi kweli. Nilitaka nikupigie palepale ila kuna jambo humu ndani kwenye simu lingenishinda, kwa hiyo nimeamua kuandika, vumilia baba, ni ndefu.

Ndege umechagua vizuri. Kadet LT-40 ni ya kujifunzia haswa, bawa lake kama mita moja na sentimita 78 kutoka ncha hadi ncha, limekaa juu ya mwili, afu ncha zote mbili zimeinuka kidogo, sasa hiyo ndo siri yake, ikilala upande ukaachia vijiti inajirudisha yenyewe. Inaruka polepole unapata muda wa kufikiri. Dola 150 na injini na rimoti ndani yake sio mbaya, lakini usimpe mtu hela kabla hujaishika kwa mikono yako.

Umeuliza kama hiyo injini inatumia petroli. Hapana, usije ukaitia petroli! Hiyo O.S. 46AX ni injini ya glo, 46 maana yake ujazo wake ni inchi za ujazo 0.46, kama cc 7.5 hivi, ndogo kuliko ya pikipiki yoyote uliyowahi kuona Tanga. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na oili na nitromethani kidogo, kwa ndege ya kujifunzia nitro asilimia 10 au 15 inatosha kabisa. Haina cheche kama gari. Plagi yake ina kawaya kembamba kenye platinamu, unakapasha moto na betri ndogo ya volti moja na nusu wakati wa kuwasha, injini ikishashika unachomoa betri na kawaya kanaendelea kuwaka kenyewe, kwa joto la mle ndani na kwa sababu platinamu na methanoli zikikutana zinatoa joto. Mimi mara ya kwanza nilipochomoa betri injini ikaendelea kulia nilisimama tu naiangalia, sikuamini.

Ukifika kwa huyo muuzaji anza na pua. Bonyeza kwa kidole gumba ile mbao injini ilipofungwa, kwa ndani pia kama kidole kinafika. Mbao iliyonyonya oili miaka mingi inakuwa laini kama mkate wa jana uliomwagikiwa chai, na ukiiona hivo rudi zako nyumbani, hata ikipakwa rangi gani. Halafu zungusha propela taratibu kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa. Ikizunguka kwa ugumu wa kunatanata usiogope, hiyo ni oili ya zamani imegeuka kama varnishi, ukiipasha joto kidogo na kuidondoshea oili nyepesi inaachia. Ila ukisikia inakwaruza, kama mchanga uko ndani, hizo ni beringi zimeshika kutu, methanoli inapenda sana kuvuta maji ya hewani na mtu akimaliza kurusha akaiweka injini kabatini bila kuitia oili ndo yanakuja hayo. Beringi zinabadilishika, lakini bei iteremke. Vuta-vuta na yale mapezi ya mabawani na ya mkiani, bawaba zisicheze. Mipira ya ndani ya tangi la mafuta wala usiiangalie, ng'oa yote weka mipya, ikizeeka inapasuka injini inavuta hewa unabaki unahangaika na kabureta siku nzima wakati kabureta haina kosa. Na akikupa galoni la mafuta lililobaki nusu mwambie asante, usilitumie.

Sasa rimoti. Kwenye picha nimeona ile antena ndefu ya kuvuta, kwa hiyo ni ya masafa ya redio ya 72 MHz, za zamani. Bado inaruhusiwa hapa Marekani, ziko chaneli 50 za ndege, kuanzia ya 11 hadi ya 60, ila watu wawili wakiwasha chaneli moja kwa wakati mmoja ndege inaanguka, ndo maana kwenye viwanja vya klabu kulikuwa na ubao wa vibanio vyenye namba, huwashi mpaka umechukua kibanio chako. Wengi wamehamia rimoti mpya za 2.4 GHz na wewe baadaye utahamia. Kwa sasa inatosha.

Na betri iliyomo ndani ya ndege itupe. Hata kama ameichaji, hata kama inaonekana mpya, itupe baba. Hapa ndo nilipotaka kufika.

Unakumbuka ile ndege yangu ya kwanza, nyekundu na nyeupe. Ulikuwa na miaka tisa, ilikuwa Oktoba, mahindi nyuma ya uwanja yameshakauka yanasubiri mashine. Nilikufundisha kupima umbali, tukaikunja antena yote, ukashika rimoti ukaondoka unahesabu hatua kwa sauti mpaka 30, mimi nimeishika ndege, ukawa unasukuma vijiti nakupungia mkono kila pezi likicheza. Afu nikakuita, nikakwambia vuta antena unipe. Ukaivuta ukanipa. Mzunguko wa kwanza ulienda vizuri, nikatua, tukajaza mafuta. Mzunguko wa pili nimekata kona kule juu ya shamba, nikarudisha kijiti, ndege haikusikia. Ililala ikazidi kulala, injini inalia kwa nguvu zote, ikaingia kwenye mahindi na mlio ukakatika hapohapo.

Ulikimbia kuliko mimi. Nilikukuta umekaa chini umeshika kipande cha bawa, ukaniambia "baba sikuvuta antena yote." Nikakwambia basi, sio kitu, yameshapita.

Mwanangu, antena ilikuwa nje yote. Uliponipa rimoti niliiona kwa macho yangu, mpaka kale kapingili ka mwisho. Usiku ule mlipolala nilishuka basimenti nikaipima ile betri ya ndani ya ndege. Hizo zina seli nne, jumla volti 4.8, ikichajiwa inazidi tano. Ilisoma 3.7. Seli moja ilikuwa imekufa. Betri ya namna hiyo inaweza kucheza vizuri chini, servo, vile vimota vinavyosukuma mapezi, zinazunguka, unapima umbali unaridhika, halafu juu kwenye kona servo zote zikivuta umeme kwa pamoja risiva inayopokea amri za rimoti inazima. Betri ilikuja na ndege kwa aliyeniuzia, ilikuwa ya zamani na nilijua ni ya zamani. Mpya ilikuwa kama dola 20. Mwezi ule nilikuwa nimetuma hela Tanga za matibabu ya bibi yako, nikasema betri mwezi ujao.

Nilipaswa kukwambia asubuhi yake. Niliona aibu, kesho ikawa keshokutwa, na neno "sio kitu" nililokwambia wewe ukalichukua kama msamaha wakati hukuwa na kosa la kusamehewa. Jumamosi zilizofuata nilikuwa nakuita twende uwanjani unasema una homuweki. Nikaenda peke yangu miaka yote hiyo, mzee mmoja wa klabu ndo alinifundisha mpaka nikatua vizuri, na kila ninapovuta antena nilikuwa nakuona wewe umekaa kwenye mahindi. Imepita miaka kumi na moja. Nisamehe mwanangu. Haikuwa wewe, ilikuwa mimi.

Ndo maana picha zako zile sita zimenifurahisha mpaka mama yako akashangaa.

Ya serikali yamalize wiki hii, hayachukui muda. Kuna mtihani unaitwa TRUST, uko mtandaoni, bure, unafanya hutoki kitandani. Ndege yoyote inayozidi gramu 250 unajiandikisha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, dola 5 kwa miaka mitatu, namba unaibandika nje ya ndege. Na tafuta klabu ambayo uwanja wake umekubaliwa kurushia bila kifaa cha Remote ID, kile kinachotangaza kwa redio ndege ni ipi na iko wapi, maana hiyo ndege ya zamani haina. Chama chenyewe cha warusha ndege hizi, AMA, makao yake yako Muncie, hapohapo Indiana ulipo, kwa hiyo hutakosa watu wa kukuelekeza.

Ukishainunua unaweza kuisafisha, unaweza kutafuta uzito wake ulipokaa, weka vidole viwili chini ya bawa kama robo hadi theluthi kutoka ukingo wa mbele, tangi tupu, pua iiname kidogo tu. Mkia ukiwa mzito usiende popote. Lakini injini usiiwashe peke yako. Tutaiwasha wote, propela tunaipiga kwa fimbo, sio kidole, kovu langu unalijua. Na nitakuonyesha unavyorekebisha sindano ya kabureta ukiwa umesimama nyuma ya propela, afu unaiinua ndege pua iangalie juu, kijiti cha mafuta kimesukumwa mpaka mwisho, unasikiliza. Sauti ikipanda kidogo hapo iko sawa. Ikififia, inanyimwa mafuta, itakuzimikia ikipanda. Hilo siwezi kukuandikia ukalielewa, mpaka ulisikie.

Jumamosi ya wiki ijayo nina ofu. Nitatoka Columbus alfajiri nakuja na betri mpya, tester, na ile rimoti yangu ya zamani, ni kampuni moja na yako, waya wa kuziunganisha mbili ninao. Ya kwako nitashika mimi kama mwalimu, wewe utarusha na ile ya zamani, ukikosea naachia swichi naishika mimi hewani. Wewe nunua plagi mbili na propela mbili zilizoandikwa 11x6. Mama yako anakaanga sambusa, usile nje siku hiyo.

Na kabla hujanikabidhi hiyo rimoti, antena utaivuta wewe.

Baba yako