Kabla hujafunga diski kwenye hiyo Mustang

Mambo vipi Sele,

Ujumbe wako nimeusoma, nimecheka pale uliposema ukikanyaga breki kwenye mteremko unaanza kwanza na dua. Sasa unataka kufunga breki za diski mbele, wazo zuri sikatai, ila nakuomba usianzie hapo, anzia kwenye masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali.

Mustang ya 1965 kama yako ilitoka na masta silinda ya chemba moja, yani mafuta ya breki ya magurudumu yote manne yanatoka sehemu moja, kwa hiyo hosi moja tu ikipasuka au wili silinda moja (ile pampu ndogo ya kwenye gurudumu) ikaachia, pedali inazama mpaka chini na huna breki mbele wala nyuma. Unabaki na handibreki, nayo kwenye gari lako ni ule mkono wa kuvuta chini ya dashibodi, hebu jiulize kama utaukumbuka na lori limesimama mbele yako. Ford wenyewe waliweka ya chemba mbili kwenye modeli ya 1967, na kuanzia 1968 Marekani wakafanya ni lazima kwa magari mapya. Ukiwa na chemba mbili, upande mmoja ukivuja mwingine bado unashika, gari litachelewa kusimama lakini litasimama. Hii ndo kazi ya kwanza, hata kama hela ya diski hujaipata kabisa.

Unajua watu wanazitukana sana breki za dramu, mi naona wanazionea kidogo. Dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ikiwa nzima inashika vizuri tu, tena shuu la mbele (kile kipande kinachobana dramu kwa ndani) linajivuta lenyewe kwenye dramu ndo maana pedali haihitaji nguvu nyingi. Tatizo lake ni joto. Ukitoka spidi 50 kwenda 100 nishati ya kumaliza ili gari lisimame haiongezeki mara mbili bali mara nne, na yote inageuka joto, sasa dramu ikipata moto inatanuka inalikimbia shuu, lining za shuu, ile sehemu inayosugua, nazo zinapoteza ukali, unakanyaga na gari linaendelea na safari zake. Halafu maji yakiingia mle ndani hayatoki haraka. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande mbili, iko wazi inapigwa na upepo, ndo maana Jaguar walivyozifunga kwenye C-Type wakashinda Le Mans 1953 kila mtu akaanza kuzitaka.

Ukifika kwenye diski sasa, chungulia kwanza nati za gurudumu. Ziko nne au tano? Hizo zilizotoka na injini ya silinda sita zina nati nne na dramu za inchi 9, za V8 zina nati tano na dramu za inchi 10, na vifaa haviingiliani kirahisi, usije ukanunua seti nzima halafu ikakaa stoo. Na rimu ipime kabla, za zamani nyingi zinagonga kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski. Ukishafunga, ile tundu ya masta silinda inayopeleka mafuta mbele isiwe na ile valvu ya kubakiza presha ya dramu, la sivyo pedi zitabaki zimeng'ang'ania diski na zitaungua. Nyuma weka valvu ya kupunguza presha unayoweza kuirekebisha, maana magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele gari linageuka mkia, na hiyo ni mbaya kuliko kuwa na breki hafifu. Diski pia hazijivuti zenyewe, pedali itakuwa ngumu, kwa hiyo fikiria busta, kile kifaa kinachosaidia mguu wako kukanyaga kwa kutumia vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini, kama injini inavuta ya kutosha.

Hosi za mpira badilisha zote usibembeleze hata moja, zinavimba kwa ndani, nje unaona nzima kumbe mafuta yanaenda hayarudi. Mafuta ya breki weka ya daraja la DOT 4 mapya, maana hunyonya maji polepole na yakishanyonya yanachemka mapema. Yale ya silikoni, DOT 5, usichanganye kabisa na hayo mengine. Na tafadhali sana, vumbi la shuu za zamani usilipulize kwa kompresa, nyingi zilikuwa na asbesto, lowesha na maji ufute na kitambaa.

Alafu tairi! Zina umri gani? Breki inasimamisha gurudumu, gari linasimamishwa na tairi, na zikishakauka na kupasuka pembeni hata ufunge diski za lori hutasimama.

Nitumie picha ya masta silinda ilipofungwa pamoja na picha ya nati za mbele, nikuambie cha kuagiza. Na mpaka hapo usimpe dogo alipeleke mteremkoni.

Wasalimie nyumbani,
Mimi wako wa siku zote