Kivinjari kikijifunga ghafla, usikifunge kile kidirisha cha ripoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaotumia Firefox ofisini, shuleni na kwenye vibanda vya intaneti, hasa wenye kompyuta za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 4 au pungufu. Kivinjari kinapojifunga ghafla hutokea kidirisha kidogo kinachoomba ruhusa ya kutuma ripoti. Wengi hukifunga upesi warudi kazini. Nawasihi waache tabia hiyo, na nitaeleza ripoti ile inakwenda wapi, maana asiyejua inakokwenda hana sababu ya kuituma.

Ndani ya ripoti mna faili dogo linaloonyesha programu ilikuwa hatua gani ilipoanguka, mafaili gani ya Windows na ya programu nyingine yalikuwa yamepakiwa ndani yake, toleo la Firefox, na kumbukumbu iliyobaki. Si nakala ya kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta. Hata hivyo vipande vya taarifa zako vinaweza kuwemo, kwa hiyo faili lenyewe husomwa na watu wachache tu wenye idhini. Ukitaka anwani ya tovuti uliyokuwa ukiisoma isitumwe, ondoa alama ya tiki kwenye kisanduku chake.

Ripoti zikifika kwenye seva hupangwa kwa saini, yaani jina la sehemu ya msimbo ambako anguko limetokea. Ripoti moja yenye saini ya peke yake ni vigumu kuonekana. Zikiwa mia tano chini ya saini moja, hupanda kwenye orodha ambayo wahandisi wa uthabiti huipitia kila siku ya kazi. Wao huanza na anwani ya kumbukumbu, yaani namba ya mahali ambapo programu ilikuwa inapagusa ilipoanguka. Firefox ina desturi ya kuijaza kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa kwa herufi e5 zinazojirudia. Kwa hiyo anwani yenye e5e5e5e5 inasema wazi kuwa msimbo umegusa kitu kilichokwisha kurudishwa. Hiyo ni hitilafu ya usalama, na hushughulikiwa kwa siri hadi kiraka, yaani rekebisho lake, kitoke. Anwani inayotofautiana na ile sahihi kwa biti moja tu (0 iliyogeuka 1, au kinyume chake) huelekeza kidole kwenye RAM mbovu. Na kama juu ya orodha ya hatua zilizo ndani ya ripoti kuna faili la antivairasi, basi kuna mgeni aliyejiingiza ndani ya kivinjari. Mgeni huyo unaweza kumwona mwenyewe kwa kuandika about:third-party kwenye sehemu ya anwani, na tangu toleo la 110 unaweza pia kumzuia hapo hapo.

Mfano unaotuhusu sana ni wa kumbukumbu kuisha. Kwenye Windows, programu haipewi kumbukumbu kabla ya mfumo kuahidi kuwa nafasi ipo, na ahadi hiyo inahesabu RAM pamoja na faili la kubadilishana (page file) lililo kwenye diski. Ahadi zikiisha, ombi hukataliwa hata kama RAM yenyewe bado ina nafasi, na Firefox ilikuwa inakufa papo hapo. Ni ripoti zilizofichua kwamba mashine nyingi zilikuwa zinaanguka zikiwa bado na RAM. Dawa iliyopatikana ni fupi kuliko ugonjwa: ombi likikataliwa, Firefox husubiri milisekunde 50 na kuomba tena, hadi mara 10. Ndani ya nusu sekunde hiyo Windows huwa imeongeza faili lake la kubadilishana, au kichupo kimoja kimekufa na kuachia nafasi. Dawa hiyo ilitoka na toleo la 105, Septemba 2022, na maanguko ya aina hiyo yakapungua sana.

Hapa nawaomba mafundi wetu wanisikilize. Wapo wanaozima faili hilo la kubadilishana wakiamini kompyuta itakwenda kasi. Ukilizima, Windows haina cha kuongeza, na kule kusubiri hakusaidii chochote. Liache lisimamiwe na mfumo wenyewe, na acha gigabaiti 10 hivi wazi kwenye diski ya C. Diski iliyojaa mpaka ukingoni huangusha kivinjari kwa sababu ile ile, na lawama hupewa Firefox.

Sasa nieleze kwa nini ripoti za huku kwetu zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2020 toleo kubwa la Firefox kwa kawaida hutoka kila baada ya wiki nne, siku ya Jumanne. Msimbo mpya hupitia kwanza matoleo ya majaribio: Nightly, inayotengenezwa mara mbili kwa siku, kisha Beta, inayotoka mara kadhaa kwa wiki, na wiki ya mwisho huwa ya toleo tarajiwa. Kadiri siku ya kutoka inavyokaribia ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Mhandisi anayetaka kiraka chake kiingie Beta lazima aandike kinaponya nini, kina hatari gani, kimejaribiwa vipi. Kikivunja majaribio, wanaolinda msimbo hukiondoa bila kusubiri ruhusa yake, na wanafanya vyema. Siku ya Jumanne yenyewe sasisho halifunguliwi kwa wote. Kwa kawaida huanzia kwa robo ya watumiaji, huku saini mpya zikitazamwa kwa siku moja au mbili. Likionekana tatizo, usambazaji husimamishwa na kiraka hutengenezwa.

Tazama basi. Kama katika robo hiyo wanaotuma ripoti ni wenye kompyuta mpya za gigabaiti 16, anguko linalotokea kwenye kompyuta kuukuu ya gigabaiti 2 yenye antivairasi ya bure halitaonekana, na sasisho litafunguliwa kwa wote. Haitakuwa kwa sababu wahandisi hawajali mashine zetu. Itakuwa kwa sababu kwao hakuna kitu kilichoanguka.

Wengine wamezima masasisho kabisa ili kuokoa bando. Hesabu hiyo haitoki. Anayetoka kwenye matoleo machache yaliyotangulia hupakua tofauti tu, faili dogo. Aliyekaa mwaka mzima bila kusasisha hupakua programu nzima, makumi ya megabaiti. Tena Machi 14, 2025 cheti cha msingi cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kinachotumika kuhakiki viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari), kilikwisha muda wake. Waliokuwa chini ya toleo la 128, au chini ya 115.13 katika tawi la muda mrefu (ESR), ndio waliobaki na hatari ya viendelezi vyao kuacha kufanya kazi. Wenye Windows 7 na 8 wasidhani walitupwa tu, kwani tawi hilo la 115 lilihifadhiwa kwa ajili yao, na muda wake uliongezwa zaidi ya mara moja.

Wanafunzi wa kompyuta vyuoni wanaweza kwenda mbali zaidi kwa programu ya mozregression, inayosaka badiliko lililoleta hitilafu. Unaipa tarehe ambayo kivinjari kilikuwa kizima na tarehe ambayo tayari kilikuwa kibovu. Yenyewe hupakua toleo la katikati, unajibu zima au bovu, inagawa tena. Siku 64 humalizwa kwa majaribio sita hivi. Tumieni intaneti ya chuo, kwani kila jaribio ni upakuaji kamili.

Kwa mtumiaji wa kawaida kazi ni ndogo. Kidirisha kikitokea, andika sentensi moja kueleza ulichokuwa unafanya: ulikuwa unachapisha PDF, ulikuwa kwenye simu ya video, ulikuwa umechomoa flashi. Kisha tuma. Anguko likijirudia, fungua Firefox huku umebonyeza Shift ili ianze bila viendelezi. Likikoma, washa kiendelezi kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Na kama bando lilikuwa limeisha siku ile, ukishanunua andika about:crashes kwenye sehemu ya anwani. Ripoti ambazo hazijatumwa zimeorodheshwa hapo juu kwa tarehe, kila moja na kitufe chake cha kutuma.

Mhandisi wa programu,
Mwanza