Chupa ya matundu matatu na mchoro unaopotosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze kasoro ambayo nimeiona kwa miaka mingi katika michoro ya somo la kanieneo katika vimiminika, na ambayo juma lililopita ilimfanya mjukuu wangu wa darasa la saba adhani kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Mchoro wenyewe wengi wanaujua: chupa iliyojaa maji imesimama sakafuni, ina matundu matatu ubavuni, na maji ya tundu la chini yanaruka mbali kuliko yote. Mjukuu wangu alitoboa chupa yake kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 6, 12 na 18 kutoka kitakoni, akaijaza hadi sentimita 24 na kuendelea kuongeza maji ili kimo chake kisishuke. Maji ya tundu la katikati ndiyo yaliyofika mbali zaidi, na yale ya juu na ya chini yakaangukia karibu mahali pamoja. "Babu, nimetoboa vibaya?" akauliza.

Hakutoboa vibaya. Kanieneo, kama neno lenyewe linavyotamka, ni kani inayogawanywa kwa eneo, na katika maji yaliyotulia huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Tundu la chini lilikuwa na kina cha sentimita 18 kutoka usawa wa maji, na la juu sentimita 6. Hivyo kanieneo ya maji chini ilikuwa mara tatu ya ile ya juu, na maji yalitoka kwa kasi ya takriban mara 1.7, kwa kuwa kasi hufuata kipeuo cha pili cha kina, kanuni ambayo Mtaliano Evangelista Torricelli aliichapisha mwaka 1644. Lakini maji hayo yenye kasi yalikuwa na sentimita 6 tu za kuanguka kabla ya kugusa sakafu, kwa hiyo hayakupata muda wa kwenda mbali, ilhali ya juu, ingawa yalitoka polepole, yalikaa hewani muda mrefu zaidi.

Tuliihamishia chupa ukingoni mwa meza. Maji yote yalipopata nafasi ya kuanguka karibu mita moja, mpangilio wa kitabuni ukatokea: la chini mbali zaidi, kisha la katikati, kisha la juu.

Mwanafunzi asiyeelewa kwamba kinachohesabiwa ni kina, si wingi wa maji, hukua akawa mwenye nyumba anayenunua tenki pana la lita 5,000 badala ya la lita 1,000, akaliweka juu ya mnara uleule, kisha akamlaumu fundi bomba kwamba presha haijapanda. Haiwezi kupanda, kwa kuwa kila mita moja ya kimo huongeza kanieneo kwa takriban paskali 9,800, iwe tenki ni pana au jembamba. Angeinua mnara.

Ninawaomba watunzi na wachoraji wa vitabu vya sayansi, watakapochapisha upya, waichore meza chini ya chupa hiyo, na walimu walifanye jaribio hilo hasa mbele ya darasa badala ya kuunakili mchoro ubaoni.

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Tanga