YAH: Tatizo ni swichi ya tochi yenu, sio betri

Habari zenu huduma kwa wateja,

Nawaandikia tena kuhusu ile tochi ndogo ya betri moja ya AA, yenye kitufe cha kubonyeza kule nyuma, ambayo inawaka ikijisikia, ukiitikisa inazima, ukiigonga kiganjani inarudi, halafu siku umeme umekatika na unaihitaji kweli ndo haiwaki kabisa. Mara ya kwanza mlinijibu nibadilishe betri. Betri ni mpya, nimeipima ina volti 1.5, na hiyohiyo nikiiweka kwenye tochi nyingine inawaka vizuri tu.

Kupima swichi wala sio kazi, hata nyie mngeweza kuniambia nifanye hivyo: nimefungua kifuniko cha nyuma nikakiweka pembeni, nikachukua kipande cha waya nikagusisha kitako cha betri na ukingo wa bodi ya tochi, yani ganda lake la nje, ikawaka palepale na mwanga haukucheza hata kidogo. Kwahiyo LED nzima, betri nzima, bodi inapitisha umeme, kilichobaki ni hicho kifuniko na swichi yake. Nikasema labda uchafu, nikafuta nyuzi za kufungia, zile mikunjo kifuniko kinapozungushiwa, kwa spiriti, nikasugua ncha ya springi kwa kifutio, nikakaza, ikatulia kidogo kisha ikarudia tabia yake.

Na hata ikiwaka mwanga unakuwa hafifu, jambo ambalo halinishangazi, maana umeme wote unapita kwenye kile kibati kidogo ndani ya swichi, na kwenye ampia 1 kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu kishakula nusu volti, yani theluthi ya betri yote imeishia kwenye kitufe!

Kilichoniudhi zaidi ni gundi. Ndani ya kifuniko kuna ringi yenye vitundu viwili, tochi nyingi za aina hii unaingiza ncha za koleo nyembamba, unazungusha, swichi inatoka unaweka nyingine. Yenu mmeimwagia gundi haizunguki ng'o. Ya nini jamani? Maji yanazuiwa na raba ya kitufe na ule mpira wa kwenye nyuzi, na ringi ikikazwa sawasawa haifunguki ovyo. Nimeiacha hivyohivyo, nisije nikaivunja mkaniambia nimejiharibia waranti.

Sasa sihitaji tochi mpya, maana ikija na swichi ileile tutaandikiana tena. Nitumieni kifuniko kizima cha nyuma ambacho hakijagandishwa, au swichi peke yake na mniambie jinsi ya kuitoa hiyo gundi bila kuyeyusha raba. Kama spea hamuuzi basi nipeni walau vipimo vya swichi, upana na kimo, nitatafuta mwenyewe, ila hapo gharama mnirudishie kwa sababu waranti bado haijaisha.

Risiti na video ya hilo jaribio la waya nimeambatanisha.

Mteja wenu